Safari ya Gari Kuona Majani ya Rangi White Mountains: Mwongozo wa Siku Moja

Wengi wetu tunaoishi New England, majimbo ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, hupanga safari ya kuona majani yanavyobadilika rangi kwa kuanza na tarehe. Tunashika wikendi ndefu ya Oktoba kwa sababu kazini kuna mapumziko, tunalipia chumba, tunapakia watoto kwenye gari, halafu tunakuta miti ya juu imeshapukutika na ya chini bado ni kijani. Rangi haifuati kalenda. Inaanza vileleni na kushuka mabondeni. Inaanza kaskazini karibu na mpaka wa Kanada na kuteremka hadi pwani, na mwendo wake wote huchukua wiki tano hivi. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio nguzo ya mwongozo huu, ni huu: chagua njia inayopanda na kushuka sana ndani ya siku moja, na siku yenyewe uiamue mwishoni kabisa. Ukipita kwenye mwinuko wa futi 500 na wa futi 2,800 siku hiyohiyo, hapo katikati utakutana na miti iliyoiva rangi hata kama ulikosea wiki kidogo.

Njia ninayoieleza ni mzunguko wa White Mountains, jimbo la New Hampshire: barabara ya Kancamagus, kisha Bear Notch, Crawford Notch na Franconia Notch (notch ni pengo kati ya milima), halafu nyumbani. Nimeiandika nikimfikiria anayetokea Lowell, Massachusetts, mji ambao Wakenya tumejaa. Wakongo wa Manchester na Concord mko karibu zaidi, na wa Portland, Maine, nitawaonyesha mlango wenu mbele kidogo. Nawafikiria pia wazazi na wakwe wanaokuja kutembelea wajukuu. Mgeni aliyefika Septemba na kurudi Novemba bila kuonyeshwa milima hii atakuwa amenyimwa kitu kizuri kuliko vyote tulivyo navyo huku.

Jani linabadilikaje

Elewa hili kwanza, maana ndilo litakalokusaidia kuchagua siku. Kijani cha jani ni klorofili, ambayo mti huitengeneza mfululizo wakati wa joto ili ujilishe kwa mwanga wa jua. Siku zikianza kuwa fupi, mti unaacha kuitengeneza, na pale kikonyo cha jani kinaposhikana na tawi panaota utando unaoziba mirija polepole. Klorofili ikimalizika, umanjano uliokuwa umefichwa ndani ya jani muda wote unajitokeza. Huo ni karotenoidi, zilezile zinazoipa karoti rangi yake. Ndiyo maana manjano hupatikana karibu kila mwaka, hali ya hewa iweje.

Wekundu una masharti. Unatokana na anthosiyanini, ambazo mti huzitengeneza katika siku hizo za mwisho kwa sukari iliyobaki ndani ya jani. Mchana wa jua na usiku wa baridi isiyofika kuganda huleta wekundu mkali. Wiki ya mawingu na usiku wenye joto huufifisha. Kiangazi kikiwa cha ukame mkali, majani hubadilika mapema na kudondoka mapema, na dhoruba moja ya upepo na mvua inaweza kuuacha mlima mtupu kwa usiku mmoja. Kwa hiyo kuanzia katikati ya Septemba tazama utabiri wa hewa ya milimani: ukiona siku za jua na usiku wa nyuzi 3 hadi 8 za Selsiasi zikifuatana, anza kuomba ruhusa kazini.

Miti nayo haiendi pamoja. Mepo nyekundu, inayopenda maeneo ya kinamasi, ndiyo hutangulia. Utaiona imewaka peke yake kando ya maji wakati jirani zake wote bado ni kijani. Mepo ya sukari, ile inayotobolewa Machi kwa ajili ya sharubati, hufuata kwa rangi ya chungwa na nyekundu. Bachi yenye gome jeupe hutoa manjano tupu. Mialoni huchelewa, na rangi yake ni ya shaba. Ya mwisho ni lachi, mti wa jamii ya msonobari ambao, tofauti na ndugu zake, hupukutisha sindano zake zote baada ya kugeuka dhahabu kuelekea mwisho wa Oktoba.

Mkifika, okota jani moja la mepo ya sukari na ulishike mbele ya jua. Kando ya mishipa utaona kijani kilichobaki, katikati chungwa, na kwenye ncha za jani zilizochongoka kama vidole wekundu uliokolea. Hatua zote nilizozitaja ziko kwenye jani hilohilo, na mtoto wa darasa la pili ataelewa bila maelezo marefu.

Kuchagua wiki, kisha siku

Kwa mwaka wa kawaida, kaskazini kabisa, yaani Pittsburg ya New Hampshire, pembe ya Northeast Kingdom huko Vermont, na kaunti ya Aroostook huko Maine, rangi hukolea kati ya wiki ya mwisho ya Septemba na siku za mwanzo za Oktoba. White Mountains ni takriban wiki mbili za mwanzo za Oktoba. Eneo la maziwa la New Hampshire hadi Concord ni katikati ya mwezi, na Lowell kwenyewe hufikiwa wiki ya tatu hivi. Pwani, pamoja na Cape Cod, husubiri hadi mwisho wa Oktoba au kuingia Novemba.

Sasa fanya hivi. Tenga siku mbili au tatu za katikati ya wiki ndani ya nusu ya kwanza ya Oktoba, zote kama akiba. New Hampshire, Vermont na Maine kila moja hutoa taarifa za rangi za majani kwa umma wakati wa msimu, zikionyesha eneo kwa eneo rangi imefikia wapi. Zisome. Tazama pia kamera za moja kwa moja za vituo vya kuteleza kwenye theluji, ambazo huonyesha mteremko wenyewe ulivyo asubuhi hiyo. Siku mbili kabla, amua.

Ukibaki na shaka kati ya kwenda mapema na kwenda baadaye, nenda mapema. Mlima uliofika robo tatu ya rangi una misonobari na miti mingine ya kijani katikati ya nyekundu na manjano, na kwa macho yangu ndio mzuri kuliko mlima ulioiva wote. Ukichelewa, upepo hauna huruma.

Epuka wikendi inayoishia Jumatatu ya pili ya Oktoba. Ni sikukuu ya kitaifa, na kila mwenye gari kuanzia Boston hadi New York anakuja huku. Kama ndiyo nafasi pekee uliyo nayo kazini, basi uwe barabarani kabla ya alfajiri au uende maeneo ya kaskazini zaidi ambayo hayana majina makubwa.

Gari, mfuko na kikapu

Kagua tairi, waipa na maji ya kuoshea kioo cha mbele. Majani yaliyolowa juu ya lami yanateleza karibu kama barafu, hasa kwenye kona zenye kivuli, kwa hiyo tairi lililoisha meno lisikutoe nyumbani.

Kwenye barabara ya Kancamagus hakuna kituo cha mafuta hata kimoja kwa maili zote 34 na ushei, hakuna duka, na mtandao wa simu hukatika sehemu kubwa ya njia. Pakua ramani ya eneo zima kwenye simu ukiwa nyumbani, na mwambie mtu mmoja mnapita wapi na mnatarajia kurudi saa ngapi.

Beba pesa taslimu za noti ndogondogo, na kalamu. Sehemu kadhaa za kuegesha ndani ya msitu wa taifa hutozwa dola 5 kwa siku. Mara nyingi hakuna mhudumu: kuna ubao wenye bahasha. Unaandika namba ya gari na tarehe, unatia noti ndani, unachana kipande cha bahasha unachobaki nacho, bahasha unaitumbukiza kwenye bomba la chuma, na kile kipande unakiweka juu ya dashibodi kisomeke kupitia kioo. Malipo hayo ya siku moja yanatumika kwenye vituo vingine vya msitu huohuo siku hiyo, kwa hiyo usikitupe. Mwenye pasi ya mwaka ya hifadhi za taifa za Marekani aionyeshe hapohapo badala ya kulipa.

Mavazi ni ya tabaka: fulana, sweta, na koti la kuzuia upepo. Joto hupungua kwa nyuzi 2 hivi za Selsiasi kwa kila mita 300 unazopanda. Aliyewahi kutoka Moshi mjini mchana na kufika Marangu jioni anaijua tofauti hiyo mwilini. Kwa mgeni aliyetoka Mombasa au Dar es Salaam juzi, ongeza kofia na glavu, na blanketi moja kwenye gari. Wazee wasioona aibu kusema wanasikia baridi ni wachache, kwa hiyo usisubiri waombe.

Chakula beba chenu. Migahawa ya Lincoln na North Conway hujaa kufika saa sita, na foleni itawala saa nzima ya mwanga mzuri. Chupa mbili za chai ya tangawizi, chapati zilizokunjwa na mayai ndani, mahamri, matunda, maji. Meza za mbao za pikiniki zipo kandokando ya mto Swift. Mabaki yote yarudi kwenye buti, maana dubu weusi wanaishi humo na chakula kinachoachwa nje huwafundisha kufuata watu.

Karatasi

Mgeni atakayeshika usukani awe na leseni yake ya nyumbani pamoja na kibali cha kimataifa cha udereva. Kwa Kenya, kibali hicho hutolewa na AA, chama cha wenye magari. Akumbuke kwamba huku tunaendesha kulia, na kwamba basi la shule la manjano likiwasha taa nyekundu, magari ya pande zote mbili husimama.

Jambo jingine ni zito zaidi. Sheria ya Marekani inamtaka mtu asiye raia, mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, atembee na ushahidi wa usajili wake, kama vile kadi ya kijani. White Mountains ziko karibu na mpaka wa Kanada kiasi cha Doria ya Mpakani kuweza kufanya kazi huko. Mwaka 2017 iliweka kizuizi cha ukaguzi kwenye barabara kuu ya I-93 pale Woodstock, kusini tu ya Lincoln. Ninyi mlio na hati, zibebeni halisi. Ambaye jambo lake bado liko mahakamani au linasubiri majibu, azungumze na wakili wake kabla ya safari hii.

Hatua ya 1: Kuondoka

Toka Lowell saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ingia I-93 kuelekea kaskazini, pita Manchester, lipa ada ya barabara Hooksett, pita Concord. Kama gari ni la kukodi, uliza kabla ya kuondoka utaratibu wao wa ada za barabara, maana kampuni nyingi huongeza gharama yao juu ya ile ya kituo. Baada ya Concord jua huanza kuchomoza na barabara huanza kupanda. Mwambie aliyekaa kiti cha mbele ahesabu miti mekundu kwenye vinamasi vya pembeni. Hiyo ndiyo mepo niliyosema hutangulia. Kwa takriban saa mbili utakuwa kwenye njia ya kutokea namba 32, Lincoln.

Hatua ya 2: Lincoln

Jaza tangi. Wote waende chooni, hata wanaosema hawana haja.

Mkiwa mnasubiriana, waelezeni watoto kwamba milima wanayoiona ilikuwa kipara miaka mia na ushei iliyopita. Mwishoni mwa karne ya 19 Lincoln ulikuwa mji wa mfanyabiashara wa mbao, J. E. Henry, aliyejenga reli kuingia msituni na kukata miti mteremko baada ya mteremko. Masalia ya matawi yaliyoachwa yalikauka na kushika moto. Hasira ya watu kwa hali hiyo ilichangia kupitishwa kwa Sheria ya Weeks mwaka 1911, iliyoiruhusu serikali kuu kununua ardhi ya misitu mashariki mwa Marekani, na msitu wa taifa wa White Mountain ukatangazwa mwaka 1918. Bachi ni miongoni mwa miti ya kwanza kuota penye ardhi iliyoungua, kwa hiyo ukiona kipande kikubwa cha manjano tupu mlimani, huenda unatazama kovu la moto wa zamani. Njia ya miguu ya Lincoln Woods, maili chache tu baada ya kuingia Kancamagus, inapita juu ya tuta la reli ileile. Ni tambarare kabisa. Kwa mzee mwenye magoti mabaya anayetaka kutembea kidogo chini ya miti, ndiyo ninayoipendekeza.

Hatua ya 3: Kupanda Kancamagus

Barabara hii, namba 112, imepewa jina la Kancamagus, kiongozi wa mwisho wa muungano wa Wapenakuki, watu wa asili wa mabonde haya, katika karne ya 17. Endesha polepole na uache wenye haraka wakupite kwa kuingia kwenye maegesho ya pembeni.

Kituo cha kwanza cha lazima ni Hancock Overlook, penye kona kali inayojipinda kurudi nyuma. Simama hapo uangalie bonde ulilotoka. Chini kabisa rangi bado changa, katikati imekolea, na juu, penye misonobari, ni kijani kilichokoza. Mstari kati ya tabaka hizo hushuka siku hadi siku, na ukishauona mara moja utaweza kukisia mwenyewe wiki ijayo patakuwaje. Endelea hadi kilele cha barabara, futi 2,855 (mita 870). Ukikuta juu hapa miti iko mitupu, usisikitike: maana yake rangi imeshuka, iko mbele yako.

Upande wa pili barabara inateremka ikifuata mto Swift. Simama Sabbaday Falls. Kutoka maegesho ni mwendo mfupi kwenye njia nzuri hadi maporomoko, na kwa mwendo wa mama na mtoto ni nusu saa kwenda na kurudi pamoja na kusimama kupiga picha. Maji yanapita kwenye ufa mwembamba wa jabali, na majani ya manjano yanazunguka kwenye kidimbwi cha chini bila kupata pa kutokea. Kaeni hapo kidogo.

Hatua ya 4: Bear Notch, na sababu ya kuichagua

Mbele ya Sabbaday, upande wa kushoto, kuna barabara ya Bear Notch. Iweke akilini, lakini kwanza ipite na uteremke maili chache hadi Rocky Gorge, kisha Lower Falls, kisha daraja la Albany, daraja la mbao lenye paa lililojengwa mwaka 1858. Paa liliwekwa ili mbao za daraja zisioze kwa mvua na theluji. Huku chini mwinuko umepungua sana, na kama juu palikuwa pamepukutika, hapa ndipo utakapokuta mepo zimeshika rangi kamili juu ya maji. Huu ndio mlo wa mchana: tandikeni, mle, watoto warukeruke kwenye mawe makavu. Mawe yaliyolowa wayaache, yanateleza, na maji ya Oktoba ni baridi ya kukata pumzi.

Baada ya kula, wengi huendelea mashariki hadi Conway na kukata kushoto kupitia North Conway. Msifanye hivyo. Mji ule una maduka ya punguzo la bei, na mchana wa msimu huu foleni yake hula saa nzima ya jua. Geuzeni, rudini hadi Bear Notch, na ipandeni. Ni maili 9 hivi hadi Bartlett, haina malori, na ina sehemu za kusimama zinazotazama bonde. Hufungwa wakati wa theluji, lakini Oktoba kwa kawaida iko wazi.

Ninyi wa Portland mlango wenu ni huu upande wa mashariki. Shikeni barabara ya 302 moja kwa moja kupitia Bridgton na Fryeburg hadi Conway, ingieni Kancamagus asubuhi jua likiwa mgongoni, mzunguke kupitia Lincoln na Franconia Notch, na mrudi kwa Crawford Notch. Mzunguko ni uleule, mmeugeuza tu.

Hatua ya 5: Crawford Notch

Bartlett mnaishika 302 kuelekea magharibi. Milima inasogea pande zote mbili hadi barabara, reli na mto Saco vinabanana. Eneo la Willey House lina historia ya huzuni: Agosti 1826 mvua kubwa iliporomosha mlima, familia ya Willey ikakimbia nje ya nyumba na kufukiwa, na nyumba yenyewe ikasalimika. Juu zaidi maporomoko mawili, Silver Cascade na Flume Cascade, yanaonekana kutoka barabarani bila kutembea hata hatua kumi. Mwenye miguu mizuri na saa tatu za ziada apande Mount Willard. Kwa jasho la wastani unapata bonde zima chini ya miguu yako, na kwangu hakuna mandhari ya majani inayolipita hili kwenye mzunguko wote.

Mkitoka tu kwenye bonde, kulia mtaona hoteli kubwa nyeupe yenye paa jekundu, na nyuma yake Mlima Washington. Hapo ni Bretton Woods. Julai 1944 wajumbe wa nchi 44 walikutana kwenye hoteli hiyo na kuasisi Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia. Wakati huo Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa chini ya Waingereza na hazikuwa na kiti chao. Kwa yeyote aliyekua miaka ya 1980 na 1990, wakati masharti ya mashirika hayo yalipofika hadi kwenye karo ya shule na kadi ya hospitali, kusimama hapa na mzazi wake na kumwambia "ni pale" ni mazungumzo ya kutosha maili zilizobaki.

Msishawishike kupanda Mlima Washington kwa gari siku hii. Kilele chake, futi 6,288, hakina miti, hali yake ya hewa ni kali hata Oktoba, na itakula mchana wenu wote.

Hatua ya 6: Franconia Notch

Endeleeni hadi Twin Mountain, kisha kushoto kwa barabara namba 3 inayoungana na I-93 ndani ya bonde la Franconia. Simameni Echo Lake. Ukipanda mwamba wa Artist's Bluff, njia fupi lakini yenye mawe, utaona ziwa, barabara na mteremko wa rangi kwa pamoja; ni picha ambayo kila mtu anaipiga, na inastahili. Juu ya Profile Lake palikuwa na jabali lililofanana na uso wa mzee, likaporomoka tarehe 3 Mei 2003. Sura yake bado iko kwenye vibao vya namba za barabara za jimbo, waonyesheni watoto. Flume Gorge, korongo lenye njia ya mbao, ni zuri sana ila linataka saa mbili na tiketi inayonunuliwa mapema mtandaoni. Liwekeni kwa safari nyingine.

Katikati ya Oktoba jua huzama muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni, na mabondeni giza huwahi zaidi. Saa kumi na moja na nusu muwe mmemaliza kutembea.

Picha

Siku ya mawingu mepesi rangi hutoka nzito kuliko ya jua la utosini. Siku ya jua, piga asubuhi au alasiri, na jaribu kusimama mahali ambapo mwanga unatokea nyuma ya majani. Mtu ukimweka mbele, mguse yeye kwenye kioo cha simu ili uso usitoke mweusi. Dereva hapigi picha, hata gari likiwa linatambaa.

Muusi na barabara ya usiku

Hili naliandika kwa msisitizo. Muusi ni mnyama wa jamii ya kulungu, dume lake mrefu kumpita farasi na zito kupita kilo 400. Mwishoni mwa Septemba na Oktoba ni msimu wao wa kupandana, na madume hutembea bila kujali magari, hasa alfajiri na baada ya magharibi. Manyoya yake ni ya giza, na kimo chake hufanya macho yake yawe juu ya mwanga wa taa, kwa hiyo huoni ule mng'ao unaouona kwa kulungu. Unachokiona ni miguu, ukiwa umechelewa. Gari likimgonga miguu, mwili hutua kwenye kioo cha mbele. Kwa hiyo penye vibao vya kuonya muusi punguza mwendo usiku, washa taa kamili pasipo na gari linalokuja, na ukiona magari yamesimama mbele bila sababu, simama nawe. Mkimwona mchana, kaeni ndani ya gari. Si mnyama wa kukaribiwa.

Ni msimu wa uwindaji pia. Mnaotoka kwenye njia kuu na kuingia msituni vaeni kizibao cha rangi ya chungwa kali. Na watoto nao.

Adabu

Simama pale tu gari zima linapotoka nje ya mstari mweupe. Usiingie uani kwa mtu kwa sababu mti wake ni mzuri. Mwaka 2023 mji wa Pomfret, Vermont, ulifikia hatua ya kufunga barabara ya Cloudland kwa wasio wakazi wakati wa msimu, baada ya umati wa wapiga picha kuziba njia na kukanyaga mashamba. Wenyeji wa New Hampshire nao wana subira, na ni juu yetu kuilinda.

Kuna mmea mmoja ambao watoto wasiuchume: aivi yenye sumu. Hutambaa ardhini au kupanda miti, majani yake yako matatumatatu, na msimu huu hugeuka mekundu ya kuvutia kuliko mengi. Mafuta yake huwasha ngozi kwa siku nyingi.

Mkifika nyumbani

I-93 kuelekea kusini hujaa Jumapili jioni. Kuleni Concord kwanza, foleni ipungue. Kabla ya kulala, kagueni kupe. Kupe wa kulungu waliokomaa wako kazini Oktoba, na wanaeneza ugonjwa wa Lyme. Angalia nyuma ya magoti, kiunoni, kwapani, nyuma ya masikio na ndani ya nywele za watoto, hasa zilizosukwa. Nguo mlizovaa zitieni kwenye mashine ya kukaushia kwa joto la juu dakika 10 kabla ya kuzifua. Ukimkuta kupe ameshika, mbane kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumzungusha, safisha kwa spiriti, na andika tarehe. Homa au duara jekundu likitokea ndani ya wiki chache zinazofuata, mwone daktari na umwambie mlikuwa milimani.